Mtani Aliyenipa Shikamoo Mbele ya Soketi

Jumanne. Mawingu yamepita juu ya Tabora yakaenda kunyesha Urambo, kama kawaida yao. Joto. Moyo wangu mweupe na mkono wangu mzima, na leo nashukuru zaidi kwa mkono.

Swichi ya sebuleni ilikuwa ikitoa cheche, na soketi iliyo chini yake imeungua ikawa nyeusi. Mke wangu, Bi Zuhura, aliapa hatapiga pasi tena mpaka itengenezwe. Mimi, msomi wa darasa la tatu, nilizungushia waya mpira wa baiskeli. Nyumba nzima ikanuka. Tangu hapo naenda msikitini na kanzu iliyokunjamana kama mzigo wa mpagazi.

Leo swichi na soketi mpya vimefika kwa treni, na mtani wangu Kondo, fundi umeme, Mzaramo, akaja kuvifunga.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu begani. Kondo ni rika la mwanangu, lakini tangu ahamie huku hajawahi kuniamkia. Leo mlangoni aliuliza kama mpagazi mzee bado hajafa. Nikamjibu namngoja yeye atangulie, sanda yake nimeshaikata.

Kazi yake nimeipenda. Kwanza aliijaribu jikoni balbu yake ya kupimia, aone kama yenyewe nzima. Kisha akang'oa fyuzi ya sebuleni na kuitia mfukoni. Alisema akiiacha karibu, Mnyamwezi atairudisha ili apate cha kuchekea.

Hakukosea sana.

Akafungua vifuniko, akapima. Swichi, giza. Soketi, balbu ikawaka kidogo. Mimi macho yangu mabovu sikuona. Akasema hii bado ina moto. Nikajua ni utani tu. Fyuzi si iko mfukoni mwake? Nikapeleka kidole nimuumbue.

"Shikamoo, baba," akasema taratibu. "Toa mkono."

Mkono ukaganda hewani.

Mtani hutania hata matangani, marehemu yuko ndani bado. Akikupa shikamoo, ujue ameona jambo ambalo hata yeye hawezi kulicheka. Nikaitika marahaba, nikaenda kukaa kitini kama mtoto wa madrasa.

Kumbe fundi wa zamani aliiunga soketi kwenye laini ya jikoni, yenye fyuzi yake. Serikali inatuambia mkutanoni kuwa sasa sote ni ndugu. Umeme haukuhudhuria mkutano huo, haujui ndugu wala mtani. Kondo akazima swichi kuu ya nyumba, akapima upya kila waya, ndipo akakata ncha zilizoungua mpaka kwenye shaba safi. Mpira wangu wa baiskeli aliushika mkiani kama panya, akautupa nje. Akakaza skrubu, akauvuta kila waya aone kama umeshika. Hana pupa. Utadhani anasuka nywele za bintiye.

Taa ikawaka bila cheche. Bi Zuhura akachomeka pasi bila kuniangalia.

Lakini utani ulikuwa umekatika kati yangu na Kondo. Mpaka alipofika mlangoni akageuka. "Kidole chenyewe kinatetemeka hivyo," akasema, "hizo pembe mlizibebaje?"

Nikapumua.

Naandika nikiwa na kanzu iliyonyooka. Kukicha nitamtafutia tusi linalomfaa. Ila ile shikamoo yake, Mungu asinifikishe tena pa kuistahili.