Ng'ombe Niliwafukuza, Watu Niliwaita

Ekerenyo, Jumanne, 1973. Mvua imeanza saa saba na mpaka sasa haijakatika.

Wewe daftari, leo sina la kujisifu, nawe unajua hiyo si kawaida yangu.

Kurasa zako zote zimejaa Kemunto wangu. Kemunto amemaliza unesi, Kemunto amepanda ndege ya wagonjwa, ile ya watu wa kujitolea wanaomchukua hata maskini asiye na kitu. Mimi niliyeishia darasa la nne nimezaa mtu anayetibu watu mawinguni. Nimelisema hilo kisimani, nimelisema sokoni, nimelisema hata kanisani siku ya Sabato. Jirani yangu Bosibori ndiye aliyenibandika jina la Mama Ndege. "Mama Ndege," huniambia tukichuma chai, "kichwa chako kikizidi kupanda hivyo, Kemunto atakigonga na bawa." Tunacheka. Jina hilo nimelipenda kuliko lile la ubatizo.

Sasa, binti yake Bosibori, Moraa, ameshikwa na uchungu tangu juzi. Ni mimba yake ya kwanza. Leo asubuhi mkunga wa zahanati alisema mtoto amelala vibaya, hatatoka bila upasuaji, na mto umekata barabara ya Kisii. Akaita ndege kwa redio. Jibu likaja: saa sita, uwanja wa shule. Na nesi aliye ndani ni Kemunto.

Mkunga alinipa mimi kazi ya uwanja, kwa kuwa mimi ni mama yake Kemunto. Nitandike mashuka meupe yaonekane kutoka juu. Nichome majani mabichi, moshi uonyeshe upepo unakoelekea. Na uwanja uwe mtupu. Mtupu kabisa, alisema.

Shuka moja lilikuwa langu. La pili lilikuwa la Bosibori, jipya, alilomwekea mjukuu.

Ng'ombe niliwafukuza wote, hata ndama wa mwalimu mkuu.

Halafu nikaenda sokoni. Daftari, nitasema kweli. Nilifuata kiberiti tu. Lakini niliwaona wale wanawake wa ndizi, wale wanaonong'ona kwamba Kemunto ni mfagiaji tu huko Nairobi, na ulimi wangu ukanishinda. Nikawaambia njooni saa sita mjionee wenyewe.

Wakaja. Na waliowasikia wakaja. Kwaya ya akina mama ikaja imevaa sare.

Ndege ilipotokea upande wa Nyamira tulipiga vigelegele, tukaingia uwanjani tukicheza, maana kwetu mgeni hapokelewi na watu waliosimama kando. Mimi nilikuwa mbele, nimekanyaga yale mashuka. Ndege ikashuka, ikapanda. Ikazunguka, ikashuka tena, chini kabisa, mpaka nikamwona mwanangu dirishani akipunga mkono kwa nguvu. "Anamsalimu mama yake," nikawaambia. Tukampungia sote.

Alikuwa anatufukuza.

Mkunga alikuja mbio akipiga kelele tutoke, lakini kwa vigelegele vile nani angemsikia? Tulipoelewa na kutawanyika, mvua ilikuwa imeshafunika kilima. Ndege ikapita mara ya tatu, juu sana sasa, ikaenda zake.

Bosibori alikuwa amekaa kwenye nyasi kando ya machela, ameshika miguu ya Moraa.

Gari la wagonjwa, la watu hao hao wa ndege, lilifika saa tisa. Lilikuwa limezungukia Keroka kwa sababu ya ule mto, na dereva alikuwa na tope mpaka magotini kwa kulisukuma. Moraa alikuwa hasemi tena. Mkunga aliinama, akaweka sikio tumboni mwake, akakaa hivyo kwa muda, kisha akainuka bila kumtazama mtu. Wakamwingiza garini. Watafika Kisii saa ngapi, dereva mwenyewe hakujua.

Nafasi ilikuwa ya mkunga na mume wa Moraa tu. Bosibori alirudi nyumbani kwa miguu. Nami nilimfuata nyuma, nikisimama akisimama, na hakugeuka hata mara moja.

Naandika nikiwa mlangoni. Paa lake naliona kutoka hapa. Halitoi moshi.

Shuka lake nimelifua mara tatu. Tope limetoka, ila alama ya kisigino changu bado iko pale katikati, ya rangi ya udongo.

Kemunto atakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Hatanigombeza, nilimlea vizuri. Atakula, atanishukuru kwa chakula, na mimi nitatamani ardhi inimeze.

Naomba Moraa arudi. Kuhusu mtoto siombi tena. Niliuona uso wa mkunga.

Kesho lazima nilirudishe shuka. Nitabisha hodi, na Bosibori atauliza kutoka jikoni, kama anavyouliza siku zote, ni nani huyo. Siku zote nimemjibu, "Ni Mama Ndege, fungua."

Kesho nitamjibu mimi ni nani?