Chakula Kisichojua Kusubiri

Jumanne, 5 Mei

Karoti tena. Leo tumezichonga ziwe nyembamba kama tambi. Zangu zimetoka kama vijiti vya kuwashia moto. Moto wenyewe ndio hakuna. Darasa zima halina hata kiberiti. Mwalimu wetu, mama wa Kibelgiji aitwaye Lies, anasema chakula kibichi kina uhai. Sawa. Basi kina uhai, ndiyo maana kinanikimbia kwenye sahani.

Niandike jinsi nilivyofika hapa, nisije nikajisahau. Mke wangu, Mama Hilda, alipofariki nilibaki peke yangu Muheza. Siku moja nikabandika maharage, nikatoka kuangalia pampu ya jirani. Mimi ni fundi mitambo, mashine ikiharibika siwezi kupita. Niliporudi, paa la jiko lilikuwa linawaka. Majirani walizima. Hilda, binti yetu, akanifuata mwenyewe, akanileta kwake huku Ixelles, Ubelgiji.

Makubaliano yetu ni haya. Nikiweza kujilisha mwenyewe bila moto, atanirudisha nyumbani. Nikishindwa, nakaa huku moja kwa moja. Ndiyo akanitafutia darasa hili karibu na soko la Flagey. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kufunua sufuria. Kwetu mwanamume anayechungulia chungu anachekwa. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Mimi nimeshakauka.

Nataka kwangu. Basi.

Jumamosi, 9 Mei

Leo nazi. Nilifurahi kuiona, kama nimekutana na mtu wa Muheza. Lies alikuwa anaigonga na nyundo, vipande vikiruka. Nikamwomba, nikaipasua kwa mgongo wa kisu, mapigo mawili, ikaachia vizuri. Wanafunzi wakapiga makofi. Nikaona fahari ya kijinga. Kuikuna sasa, loo! Nimekuna mpaka vidole vyangu.

Tulipomaliza kila mtu akala sahani yake. Mimi nilikula nusu. Nusu nikaitia chumvi ya kutosha, nikaifunika na sahani nyingine, nikaifunga kwa kitambaa. Lies alidhani sijakipenda. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kiwandani kwamba mwanangu yuko kazini, na kwetu asiyekuwepo hufunikiwa chakula chake. Akasema chakula hiki hakipendi kusubiri. Nikaona ni maneno ya Kizungu tu.

Hilda alirudi jioni kutoka mtaa wa Forest, kwenye kituo cha wazee anakofanya kazi. Nikamfunulia. Matango yalikuwa yanaogelea. Nyanya zimelegea, nazi imegeuka uji. Akala vijiko vitatu, akasema amechoka, akaenda kulala.

Aibu. Ugali unafunikwa, wali unafunikwa, hata samaki. Majani haya yana kiburi gani?

Jumapili, 10 Mei

Tumetoka kanisani na Maman Furaha, jirani wa ghorofa ya chini. Mtu wa Bukavu, sauti kubwa, moyo mkubwa. Hilda alipoenda kazini mchana, mama huyu aligonga mlango. Amesikia habari za darasa langu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Papa, muntu hawezi kuishi na majani tu. Bon, ingia kwangu, fufu iko moto."

Niliingia. Fufu yao, ugali wa muhogo, na sombe, samaki, pilipili. Nilikula mpaka jasho likanitoka. Ni kisamvu kilekile chetu, wao wanakiita sombe. Mvuke wake ulinipiga usoni nikamkumbuka mke wangu vibaya sana.

Hilda aliniuliza nimekula nini. Nikasema saladi. Kwenye shati langu kulikuwa na mafuta ya mawese. Alilichukua akalifua.

Alhamisi, 14 Mei

Kimeletwa kitanda. Wanaume wawili walikipandisha ngazi, wakakiunganisha kwenye chumba kidogo ambacho Hilda alikuwa akiwekea masanduku. Kitanda cha mbao, godoro jipya, mashuka yenye maua. Mpaka leo nalala kwenye kochi. Mtu hamnunulii kitanda mgeni anayeondoka.

Nimekasirika. Darasa halijaisha na yeye ameshahukumu. Hilda aliniuliza kama nimekipenda. Nikasema ni kizuri. Nimelala kwenye kochi.

Jumanne, 19 Mei

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa kisu, na nimejikata kidole nacho. Si sana.

Tumekula choroko tulizoziotesha wenyewe kwenye kitambaa chenye maji. Zimetoa mikia myeupe. Hizi nimezipenda kweli, zina utamu wa njugu mbichi. Lies alituonya tena tusioteshe ovyo kila kitu tunachokiona. Maharage mekundu, kwa mfano, bila moto yanaumiza tumbo. Maharage na mimi tuna historia yetu, sikuhitaji onyo.

Amesisitiza pia chumvi, kwa kuwa inatoa maji kwenye mboga, iwe ya mwisho, mezani, mdomo ukiwa tayari. Mke wangu alikuwa akitia chumvi anapojisikia, na sikuona mtu aliyelalamika. Sikuliandika hilo kwenye daftari langu la darasa.

Nimemwambia Hilda kwamba Jumamosi atakula kwangu. Nitafanya kila kitu, yeye aje aketi tu. Aelewe mwenyewe kama nastahili kurudi au la. Akasema, "Haya, baba." Uso wake sikuusoma.

Jumamosi, 23 Mei

Niandike tu kama ilivyokuwa.

Nimeamka mapema, nikaenda sokoni Flagey. Nyanya, matango, embe, parachichi, ndimu. Choroko nilishaotesha. Nazi nimekuna kwa kifaa, sijamwaga hata tone la maji yake. Nimekata kila kitu polepole. Karoti zangu leo zilikuwa nyembamba, natamani mtu angeziona. Nikakamua ndimu, nikatia chumvi, nikaonja. Ilikuwa tamu. Mimi, Baba Hilda, nimepika bila kupika, na ni tamu! Nikapanga meza.

Muda wa Hilda kurudi ukafika. Simu ikalia. Mwenzake ameugua, hakuna wa kumpokea, itabidi aendelee. Alikuwa anaomba radhi kwa haraka, nyuma yake kuna mzee anaita. Nikasema hakuna neno.

Nikafanya kile mkono unachokijua. Nikafunika. Sahani juu ya bakuli, sahani juu ya sahani. Nikaketi. Sikula, maana mwenye chakula hajafika. Niliyajua maneno ya Lies. Niliyajua kabisa. Mkono ulifunika tu.

Aliporudi saa ilisema ni usiku, ingawa jua la huku lilikuwa bado liko kwenye mapaa ya mbele. Nikafunua. Parachichi limekuwa jeusi. Matango yamezama. Embe na nyanya zimekuwa kitu kimoja kisicho na jina. Nilichukua bakuli nikamwage, nikamwambia basi, umeshinda, nitalala kwenye kitanda chako.

Akanipokonya. Hakuvua hata koti. Alikula amesimama, kisha akaketi, akala chote. Akainua bakuli akanywa yale maji, kama mtoto anavyomalizia kachumbari. Halafu akalia. Nilidhani ndimu imezidi.

Akasema, "Tangu nitoke kwa mama, hakuna mtu aliyenifunikia chakula ila wewe."

Miaka yote hiyo huku anarudi kwenye nyumba iliyo kimya, anakula mkate amesimama dirishani. Alinieleza hivyo hivyo, akijipangusa kwa mkono wa koti. Anaogesha na kulisha wazee wa watu kutwa, akirudi hakuna anayemuuliza kama amekula. Hakuogopa moto wa Muheza. Aliogopa mlango huu wa kwake mwenyewe.

Na mimi nilikuwa nimekasirikia kitanda. Mjinga mkubwa.

Jumapili, 24 Mei

Asubuhi Hilda amesema nimefaulu, kujilisha bila moto naweza. Amesema ahadi ni ahadi, amepanga safari yangu Jumamosi ijayo. Nilitarajia furaha. Haikuja. Nimekunywa chai yangu, yeye kahawa yake, tukaangalia mabasi yakipita.

Nikamuuliza kama anataka nibaki. Akasema anataka, lakini amenisikia ninavyozungumza na nazi nikiikuna jikoni. Tulicheka. Akasema Muheza ndiko kuna kaburi la mama na watu wangu, nami huku nitakauka. Ni kweli. Mimi namwonea huruma, na bado nataka kwangu. Yote mawili yako pamoja kifuani, hakuna linalomwondoa mwenzake.

Nimelala kwenye kitanda kipya. Ni kizuri kweli.

Jumanne, 26 Mei

Darasa la mwisho. Wengine waliuliza habari za keki zisizookwa. Mimi nilimuuliza Lies jambo moja. Mtu akitaka kumwekea chakula hiki mwenzake ambaye atachelewa, afanyeje? Hakucheka. Alikaa nami mpaka wenzangu wakaondoka. Acha vizima vinavyoweza kubaki vizima, alisema. Usipasue parachichi. Usikamue ndimu. Chumvi usiiguse, mwachie mwenye kula.

Leo nimeandika. Nimemwandikia maagizo hayo na Maman Furaha, ambaye amekubali kumgongea Hilda mlango kila Jumapili fufu ikiwa moto. Alisema nilikuwa nachelewa kuomba, yeye alikuwa anamuonea binti haya.

Jumamosi, 30 Mei

Begi limefungwa. Hilda yuko bafuni. Amenyoosha gauni lake la kanisani, sijui uwanja wa ndege wanasali nini. Atanisindikiza, kisha atarudi peke yake.

Nimeamka kabla yake. Nimeosha matango mawili na nyanya, sikuzikata. Parachichi lina ganda lake. Choroko zimekauka maji vizuri. Karoti nimezichonga, hizo zinavumilia. Nazi nimeikuna asubuhi hii. Nimevipanga kwenye sahani kubwa ya bluu, nikaiweka kwenye friji, nikaifunika na sahani nyingine.

Ndimu iko pembeni, nzima. Chumvi nimeiweka kando, kwenye kikombe kidogo.