Rangi Yangu ya Kucha kwenye Puli ya Mjomba

Jumatano, 8 Julai 1992
Wiki ya tatu tangu niwe mke wa Sufiani! Bado nikiandika "mume wangu" kalamu yenyewe inacheka. Asubuhi kaniletea chai kitandani, ya mdalasini wa kwetu Kinole, kisha kaenda gereji akiimba. Karudi haimbi.

Pikapu ya Mjomba Kondo imekwama tena mlimani na machungwa yake. Inachemka, inagonga kama mtu anatwanga kisamvu ndani ya injini. Na nani kalaumiwa? Sufiani wangu! Eti kwa kuwa yeye ndiye aliyeseti taiming, ule wakati wa plagi kuwasha moto. Mjomba kamwambia mbele ya mafundi wote: "Nimekupa mpwa wangu, nimekupa na gari. Kimoja umeshakiharibu."

Mbele ya watu! Sikula.

Alhamisi, 9 Julai
Mjomba kaja mwenyewe na pikapu yake hapa nyumbani Mwembesongo. Nikapiga goti, shikamoo Mjomba. Kaitikia, lakini kiti hakutaka. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Neno lake likitoka, hata baba ananyamaza. Na neno limetoka: gari lisipopona, nipande naye Kinole nikakae kwa mama, mpaka "huyo fundi wako ajifunze kazi."

Mimi! Nirudishwe kama sufuria linalovuja!

Sufiani hakupandisha sauti (jamani, nampenda). Kasema, Mjomba, nilifuata alama ya kwenye puli ya mbele, lile gurudumu dogo la mkanda, ila nadhani alama yenyewe imehama. Puli ile katikati ni chuma, nje ni pete ya chuma, na mpira ndio unaoshikanisha. Mpira ukichoka, pete inateleza, na alama inakwenda nayo. Akang'oa plagi, akatia kijiti cha ufagio kwenye tundu, akazungusha injini taratibu kwa spana hadi kijiti kikapanda mwisho, pistoni ikiwa juu kabisa. Hapo alama ilitakiwa isimame kwenye sifuri iliyochorwa kwenye injini. Wapi! Ilikuwa pembeni, upana wa kidole gumba.

Mjomba akacheka. "Kijiti cha ufagio kibishane na Mjapani aliyeunda gari?"

Tangu ruksa ya biashara ituletee magari ya Dubai, mtu akinunua pikapu moja anadhani kamnunua na Mjapani! Na Mjomba kakataza taiming isiguswe mpaka apate ushahidi wa maana.

Jumamosi, 11 Julai
Wazo ni langu! Langu!

Nilikuwa napaka kucha, ile rangi nyekundu aliyoninunulia Sufiani siku ya harusi. Nikamuuliza: ukichora mstari mmoja tangu chuma cha katikati, upite juu ya mpira, mpaka kwenye pete — pete ikiteleza, mstari si utakatika? Akaniangalia. Akanibusu vidole, rangi mbichi ikamganda mdomoni! Kasema chaki ingefutika kwa oili, lakini hii itashika.

Gereji wamecheka mpaka wakakaa chini. "Fundi, siku hizi unafungua saluni?" "Na hina je, shemeji?" Wacheke. Mjomba naye karuhusu, kwa dharau. Dadi, dereva wake, kapanda nalo Kinole likiwa tupu.

Jumapili, 12 Julai
Dadi kalirudisha gari hapa nyumbani. Umekatika! Nusu ya mstari huku, nusu kule, kama ndugu waliogombana. Nimeruka hadi kanga ikanidondoka.

Mjomba kachungulia. Halafu kaangalia kucha zangu, kaanza kuniuliza. Rangi ya nani? Yangu, Mjomba. Gari lilipofika liliegeshwa wapi? Hapa mlangoni, Dadi alikwenda kuswali. "Basi," kasema, "mwenye chupa ndiye mwenye mstari."

Yaani mimi nimefuta nikachora upya! Mimi mwongo! Yeye aliyenitoa kwa mkono wake siku ya ndoa!

Nikaingia ndani, nikatoka na chupa, nikampa kwa mikono miwili. "Chora mwenyewe, Mjomba. Na chupa kaa nayo."

Sufiani akanivuta kanga. Mjomba akamgeukia: "Huyu kajifunza lini kunijibu?"

"Mjomba," kasema mume wangu kwa adabu zote, "mimi nilikabidhiwa akiwa hivyo hivyo."

Dadi alikohoa ili asicheke. Mjomba kafuta wangu, kachora wake, ulimi nje. Chupa kaitia mfukoni. Atakwenda mwenyewe keshokutwa, na hakuna atakayesogelea gari lake. Mstari ukirudi mzima, nifungashe.

Jumanne, 14 Julai
Nimevuta sanduku kutoka uvunguni. Sijatia hata leso. Na sitii! Sufiani kalikalia — eti kiti kimempendeza, hakiondoki.

Alasiri. Naandika dirishani. Wamefika! Mvuke unafuka mpaka juu ya kioo. Mjomba kashuka, hakusalimia mtu. Kafungua boneti mwenyewe. Sasa kapiga magoti vumbini, na kanzu yake nyeupe! Sufiani alitaka kutoka, nimemshika shati, karudi sandukuni. Mwache kwanza.

Dadi anamuuliza kitu. Yeye anakwangua rangi kwa ukucha. Katoa chupa mfukoni, kaipandisha kwenye mwanga, kairudisha. Kainama tena. Jamani, anatazama nini muda wote huo? Nasikia sanduku tu linavyolia chini ya Sufiani.

Mjomba anaita. "Mwaisha!"

Abee, Mjomba!

Hageuki, bado kainama. Anasema nilete ule ufagio, na nichague kijiti kilichonyooka, mume wangu aje akitie kwenye tundu la plagi —