Mama Mkwe, Siku Uliyonitazama Usoni

Mama mkwe,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mbali kama tulivyozoea. Najua ungekuwa hai ungeitikia marahaba huku umegeukia ukutani, halafu ungemwuliza binti yako, "Huyo baba watoto ameshakula?" ilhali nimesimama hapo hapo nasikia kila neno. Ndivyo tulivyoishi. Kwetu Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono wala hawali pamoja, na wewe ulikuwa mkali wa desturi hiyo kuliko wanawake wote wa Kharumwa. Unakumbuka tulivyogongana gulioni, kwenye kichochoro cha wauza dagaa? Ulirudi nyuma kwa kasi ukakalia gunia la mtu, dagaa wakamwagika, na mwenye gunia akaanza kukufokea. Mimi nilibaki nimefumba macho kama mtoto anayecheza kombolela. Mke wangu alipohadithiwa alicheka mpaka machozi.

Nakucheka, lakini nakushukuru. Kama nipo hapa kibarazani naandika, ni kwa sababu yako.

Kulwa na Doto walipozaliwa ulikuja kumsaidia binti yako kulea. Ulikataa kulala chini ya paa moja na mimi, ukatandika mkeka wako kwenye jiko la uani. Siku ile nilikuwa nimerudi kutoka Geita, kwenye shimo letu la dhahabu, nimechoka, nimejilaza mchana na mapacha pembeni yangu. Mlango ukapigwa teke. "Polisi! Tulia hivyo hivyo!" Wakaingia wanaume wenye nguo za kawaida, wa mbele ameshika rungu. Mama, unajua mambo ya huku kwenye dhahabu. Hata majambazi hujiita polisi, na wakisikia mchimbaji amerudi nyumbani hawakosi kumtembelea. Jirani yetu alikuwa ameporwa hivyo hivyo siku chache nyuma. Nikashika mpini wa sululu nikampiga yule wa mbele mkononi. Sikuwaza sheria. Niliwaona wanangu kitandani, basi.

Wewe huko uani ukapiga mwano. Yowe lile la Kisukuma likilia, kila anayelisikia huacha jembe na kukimbilia linakotoka, na asiyetokea huitwa na kijiji ajieleze. Uwanja ukajaa watu na fimbo zao. Hapo ndipo mmoja wa wale wanaume alipotoa kitambulisho. Nilipokiona niliweka mpini chini, nikakaa. Wakasema wameambiwa naficha bangi. Wakapekua ndani wasipate kitu, kisha wakatoka na kifurushi kutoka kwenye choo cha uani, choo tulichokuwa tukikitumia pamoja na wapangaji wa nyumba ya jirani. Nikatiwa pingu mbele yako.

Nilishtakiwa kwa bangi na kwa kumshambulia askari akiwa kazini. Kwenye kesi ile ya kwanza hakuna aliyekuita. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakaona ni aibu kubwa mama mkwe asimame mahakamani na kuhojiwa mbele ya mkwe wake. Nami nilikubaliana nao kwa moyo wangu wote. Niliona bora nifungwe kuliko kukuvunjia heshima. Nikafungwa kweli.

Huko gerezani nilikula matobolwa yako. Ulichemsha viazi, ukavikata, ukavianika, ukampa binti yako aniletee, na kila mara alikuwa na ujumbe uleule: "Mama anasema utafune polepole, una meno mabaya." Nilikuwa nikicheka peke yangu kama mwehu. Sikujua ulikuwa umeyaona meno yangu lini!

Rufaa ilipofika mahakama ya juu, hukumu ilifutwa kwa sababu sikuwa nimeelezwa sawasawa haki yangu ya kuleta mashahidi. Kesi ikaagizwa isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Wazee wakakaa tena, wakaanza yale yale. Mke wangu alinisimulia ulivyosimama mlangoni ukawakatiza.

"Heshima gani hii, mtoto anaozea ndani nasi tunakunywa chai? Nitakwenda."

Ukaja. Ulisimama kizimbani umejifunika khanga, umeupa ukuta uso wako, ukasema wewe ndiye uliyepiga mwano kwa kuwa ulidhani tumevamiwa. Wakili wa serikali akakwambia, "Bibi, wewe unamtetea mkweo tu."

"Baba, hebu nieleze," ukamjibu. "Mtu ana bangi nyumbani, halafu nyumba yake ipige mwano kijiji kizima kije kuiona?"

Watu wakacheka mpaka hakimu akawatuliza. Kisha akakuuliza kama huyo mkweo yumo mahakamani, na kama yumo umwonyeshe. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitaka wakili wangu apinge, aseme lolote, usilazimishwe. Lakini wewe uliteremsha khanga, ukageuka, ukanitazama. Sikuwahi kujua kwamba mke wangu ana macho yako. Ukaninyooshea kidole.

"Ni yule pale," ukasema. "Mbona amekonda hivyo?"

Nililia, mama. Sikujali nani ananiona.

Namshukuru pia yule askari niliyemuumiza. Alipoulizwa alisema kweli, kwamba walipoingia hawakuonyesha kitambulisho mpaka watu walipojaa uwanjani. Hakimu akasema anayevamiwa nyumbani kwake na watu asiowajua ana haki ya kujikinga kwa kadiri ya hatari anayoiona, na kwamba mimi niliacha mara tu nilipowatambua. Kuhusu bangi, akasema choo cha watu wengi hakiwezi kumfunga mmoja. Nikaachiwa huru.

Nilitoka nje mbio nikushukuru. Kumbe ulishazunguka nyuma ya jengo na khanga yako kichwani! Maisha yakarudi kama zamani, wewe na ukuta wako, mimi na salamu zangu za mbali. Kila nilipomtuma binti yako akupe asante yangu, alirudi na jibu moja, kwamba niache maneno, nile.

Mapacha sasa wanasoma shule na wanagombana kutwa. Mimi bado nachimba. Nikiwa shimoni huwakumbuka wenzangu niliowaacha gerezani, wanaume waliojihami milangoni mwao bila kujua wanajihami dhidi ya nani, na hawakupata mtu wa kuwasemea. Hao huniondolea furaha. Nikikukumbuka wewe, hurudi.

Siku ya mazishi yako watu walipanga mstari kukuaga. Nilipofika karibu na jeneza, mzee mmoja wa ukoo wenu alinishika mkono na kunong'ona kwamba mkwe hapiti hapa. Binti yako akauondoa mkono wa mzee taratibu.

"Mwache, baba," akamwambia. "Hawa walishaonana."

Nikapita. Nikakutazama vizuri, bila haraka, nikasema asante kwa sauti, na safari hii hukuwa na mahali pa kukimbilia.

Mkweo,
Baba Kulwa