Sikukuwia Radhi Siku ya Jeneza

Baba,

Nimempiga mtu. Nimempiga kwa mchi wa kutwangia thomu, akaanguka uani kwangu, damu ikamchuruzika mpaka kwenye ukosi wa shati. Na nilipokuwa nampiga yeye, nilikuwa nakupiga wewe.

Ngoja nikueleze. Nimepata jirani, mama Neema, anaimba kwaya kanisani. Kwaya yao ilikuwa inatengeneza filamu ya nyimbo, kisa cha mume katili anayerudi kwa watu wake kuomba msamaha, wakaniomba ua wangu. Nikawakaribisha, nikawapikia na chai. Mama Neema ndiye aliyekuwa mke. Mume alikuwa Zakayo, fundi bomba wa hapa Kisauni, mpole, hata paka hamfukuzi. Kamera ikawashwa. Zakayo akamkamata mama Neema nywele, akambamiza ukutani, akainua mkanda, akanguruma, "Kimya! Usipige kelele!"

Wewe ulikuwa ukisema, kwa lugha yetu ya nyumbani, "Nyamaa! Mchu asisikie." Mtu asisikie.

Baba, sikumwona Zakayo tena. Niliona hema letu kule kambi ya wakimbizi, mama yuko chini, na wewe umeshika birika la moto. Ulimpiga nalo sikioni. Sikio lile halijasikia tena mpaka leo. Nilikurukia mgongoni, mtoto mdogo mimi, ukanitupa, ukachomoa mti wa hema ukanipiga nao mkono. Mfupa niliusikia ulipokatika. Ulipona kombo, na kombo ndivyo ulivyo.

Walinitoa juu ya Zakayo watu wanne au watano. Alikaa kwenye matope, akatema damu, akaniangalia, akasema, "Pole, mama. Nisamehe." Mimi nimempasua kichwa, na yeye ndiye anayeomba! Nilitaka ardhi inimeze.

Walimfunga kitambaa, wakaendelea. Zakayo akapiga magoti, kwaya ikaimba, na wimbo haujafika mwisho mke ameshamwinua na kumkumbatia. Nikashikwa na hasira upya. Nikamwambia mama Neema, "Nyinyi mnasamehe upesi hivi?"

Akaja akakaa nami jikoni. "Ile ni filamu, dada yangu. Mimi baba alinichoma mguu kwa kaa la moto. Nimeimba msamaha miaka mingi, Jumapili kwa Jumapili, na moyoni nikimtakia kifo. Siku uchungu uliponitoka, hapakuwa na kwaya. Nilikuwa nafua nguo."

Tangu hapo nakuwaza, baba. Nakuwaza wewe wa Kudha, kisiwani kwetu Somalia, kabla ya wale wenye bunduki. Ulikuwa ukinishika kidevu majini ukinifundisha kuogelea, na mkono wako haukuwa umewahi kunitua mwilini kwa ubaya. Kisha wakaja. Ami Kombo, ndugu yako, wakampiga risasi mlangoni. Wewe wakakulaza kifudifudi mbele yetu, wakakuvunja meno kwa vitako vya bunduki, mmoja amekukanyaga shingo na anacheka. Tulipofika Kenya ulikuwa hai, lakini aliyetuvusha hakuwa yule tuliyemjua. Nayasema haya si kukutetea. Wao walikupiga wewe. Mama hakukupiga.

Siku ya jeneza, kabla hujatolewa nyumbani, shehe alituambia tulio ndani, "Muwieni radhi mzee wenu." Wote wakaitikia. Mama alitazama ukuta. Mimi nikajifanya naitwa jikoni, nikakaa huko mpaka walipokubeba. Nilijua nilichokunyima, na nilikunyima kwa makusudi.

Mama siku hizi anacheka kwa sauti, hujui. Ana kicheko kikubwa kama cha mwanamume. Jana alikuwa anapara samaki, nikahamia upande wa sikio lake zima, nikamuuliza, "Mama, umemsamehe baba?"

Magamba yaliendelea kuruka. "Mie bado," akasema. "Na usinihimize."

Sikumhimiza.

Basi nakupa kilicho changu. Mkono huu, baba, na ule usiku wote wa kulia bila dawa, na kila mara niliyokukimbia: nimekuwia radhi, duniani na akhera. Neno hilo nimelisema kwa mdomo, peke yangu. Bado inauma. Ila leo asubuhi nimelitaja jina lako na sikukunja ngumi.

Sikio la mama si langu kulisamehe. Hilo mwombe Mola wako, nami sitakusemea.

Buriani, baba yangu. Tangu ufe sijawahi kukuinulia mikono kukuombea dua, na hapana aliyejua. Nakuahidi nitakuombea. Kesho ni Ijumaa, naanza.

Binti yako,
Mwanashee