Daftari la Baba la Mwaka wa Mvua Haba

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini umeacha ubishi na mkongojo unautumia. Sisi tu wazima. Baba anakula vizuri na kulalamika vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Shangazi, kaa chini kwanza. Habari yenyewe ni ya kipimo cha mvua.

Juzi alikuja mtafiti wa hali ya hewa, dada mmoja mpole, anatafuta madaftari ya watu waliosoma vipimo vya mvua zamani. Baba akasema hana. Unajua kwa nini. Mwaka ule alipoandika nusu tu ya mvua ya kawaida msimu mzima, wakubwa wake kule makao makuu walisema anajaza daftari akiwa kitandani, wakamfukuza kazi. Tangu hapo madaftari yamekaa uvunguni, na sisi watoto hatukuthubutu kuyaulizia.

Niliyatoa mwenyewe. Baba alininunia mpaka chai ikapoa.

Mgeni alifungua daftari la mwaka ule, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akatueleza taratibu kwamba mwaka uliotangulia volkano kubwa ililipuka mbali sana, ng'ambo ya bahari. Gesi yake ilipanda juu kuliko mawingu, ikawa ukungu mwembamba uliopunguza jua. Bahari ikapoa kidogo, mvuke ukapungua, na pepo zinazotuletea mvua zikaishiwa nguvu. Hata miti mikongwe ya msituni, ukikata shina, ina pete nyembamba za mwaka huo, maana ilikua kidogo. Wasomaji wa vipimo wenzake Baba waliogopa kufukuzwa, wakaandika mvua ya kawaida. Daftari lake peke yake ndilo linalokubaliana na miti.

Baba akauliza, "Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea, mzee. Mvua ndiyo haikuja."

Baba alikwenda kunawa uso, akakawia. Alirudi macho mekundu, akasingizia sabuni.

Leo nilimuuliza tumwambie nani kwanza. Nilidhani atawataja wale wakubwa wake, maana wawili bado wako hai. Akasema, "Mwandikie dada yangu. Yeye aliniamini bila kipimo."

Mama na wale pacha wanakusalimu sana. Msalimie binamu fundi umeme, mwambie tumemkumbuka. Mungu akutunze, akupe usingizi mtamu na goti tulivu.

Ni mimi nikupendaye,
binti wa kaka yako