Kilo sabini za mkwe wangu

Mwenzangu, uko? Niko kwa muuza vipuri, na aibu niliyoipata hapa sijui niifiche wapi.

Nimekuja na mkwe wangu kununua springi za mbele za pikipiki yake. Za zamani zimechoka, akishika breki pikipiki inapiga magoti. Na mjukuu wangu hupanda nyuma yake kila asubuhi kwenda shule!

Muuzaji akamwuliza vizuri tu, "Kaka, una kilo ngapi? Springi huchaguliwa kwa uzito."

Akajibu, "Sabini."

Sabini! Yule! Mtu anayeingia jikoni kwangu kwa ubavu!

Nikamnong'oneza, "Baba, sema kweli." Akacheka: "Mama, mambo ya pikipiki niachie mimi." Eti nimwachie yeye.

Muuzaji akasema hata pikipiki yake pale nje ina springi hizohizo za sabini. Basi nikatoa uzi mwekundu mkobani, nikaufunga kwenye hiyo pikipiki ya muuzaji, pale chini kwenye ule mguu wa mbele unaong'aa. Nikamwambia mkwe wangu, "Haya, kaa, ushike breki, uisukume mbele."

Akakaa, akasukuma. Uzi ukapanda mpaka juu kabisa, springi zikalala zote, chuma kikagonga ko! Duka zima likageuka.

Muuzaji hakumwuliza yeye tena. Aliniuliza mimi: "Mama, nilete za kilo ngapi?"

"Mia na kumi," nikasema. "Na umhesabu na mtoto."

Sasa amenuna kwenye benchi, eti nimemvunjia heshima. Heshima ya kilo sabini! Na anune. Fundi wa hapa dukani anamfungia za kweli, na mimi siondoki mpaka amalize.